Mwaka Tuliochakaza Kanzu ya Faraji

Nilicheka msibani. Sitafuti pa kujificha, nilicheka, tena si kile cha kubana mdomo na mtandio, bali kicheko chenyewe cha kutoka tumboni, mbele ya jeneza na kwaya nzima ya usharika. Mchungaji alikuwa amesimama pale kihambani, shamba la nyumbani la Wachagga, huko Kirua Vunjo, kaburi limechimbwa katikati ya migomba kama desturi yao ilivyo, anatusomea maisha ya Mama Aikande. Akafika mahali akasema kwamba marehemu, katika umri wake wote mrefu, hakuwahi kukubali mtu atoke nyumbani mwake akiwa amevaa nguo iliyochanika. Watu wakatikisa vichwa, kweli, kweli kabisa. Mimi nikaangua kicheko. Mjukuu wangu aliyenileta kutoka Njoro akanifinya mkono: "Bibi, jamani! Watu wanatuangalia!" Nikamtazama Aikande mwenyewe, binti wa marehemu, sasa naye ni bibi wa watu, ameketi kwenye viti vya wafiwa, nikijua nimemuudhi na itabidi nimwombe radhi. Kumbe mabega yake yanatikisika. Amefunika uso kwa leso, wenzake wanampigapiga mgongo wakidhani ni kilio, wanamwambia apoe. Kilio gani! Aikande alikuwepo siku ile, aliona kwa macho yake mama yake akiichana nguo. Basi wale walionitazama kwa jicho la pembeni hadi nilipopanda gari, kisa chenyewe ni hiki, na wakishakisoma waniambie kama wao wangeweza kunyamaza.

Wakati huo Mwingereza bado yuko, na Moshi ukitaka nguo unakwenda barazani. Mafundi walikaa safu moja chini ya paa la maduka, kila mmoja na cherehani yake ya miguu, na ukipita unasikia zile cherehani zote pamoja, unanusa mafuta yake na vitambaa vipya vya marekani na chai ya tangawizi. Wote wanaume. Si kwamba wanawake hatukushona. Tulishona mpaka macho yakauma, lakini uani. Mimi nilikuwa na cherehani yangu ya mkono huko Njoro, msichana sijatimiza miaka ishirini na moja, nashona magauni ya maharusi, kanzu za Idi, mito, foronya, halafu kazi inachukuliwa na mtu, inapelekwa mjini, na sifa anapewa mwingine. Nguo zangu zilikuwa zinatembea Moshi nzima bila jina langu. Nilichotaka mimi hapa duniani, na nasema hili bila aibu maana wenzangu walitaka mume mwenye duka, ni kiti barazani. Nikae, mteja aje, aniambie mwenyewe anataka nini, na akitoka aseme hii kanishonea Zaituni. Nilikuwa nimeshamwomba Fundi Rajabu, mkubwa wa baraza, mara kadhaa. Jibu lake halikubadilika: "Binti, cherehani ya mwanamke ni ya uani. Hapa kuna vumbi, kuna wahuni, kuna lugha chafu." Na lugha chafu yenyewe ilikuwa ya kwake.

Siku moja nimekwenda kununua uzi, nikamkuta Mzungu mmoja amesimama barazani, mrefu, shingo nyekundu kama nyanya, na pembeni yake kijana mzuri wa sura aliyekuwa akimtafsiria. Kijana aliitwa Hamadi, mwalimu wa shule kutoka Tanga. Yule Mzungu alikuwa anatengeneza filamu ya Kiswahili kutoka kwenye kitabu cha mambo ya kale. Kitabu chenyewe nilikuja kusimuliwa baadaye mpaka nikakijua: karani mmoja wa zamani, Faraji, anasafiri na mali za tajiri wake, chombo kinavunjika, wote wanakufa, yeye anatupwa na mawimbi kwenye kisiwa kisicho na mtu. Anaishi huko miaka, peke yake, mpaka anasahau sauti yake. Akija kuokolewa hataki tena kuiona bahari. Anafuata msafara wa bara, anatembea mpaka anafika huku mlimani, na wenyeji wanampokea. Hamadi ndiye alikuwa Faraji. Walitaka fundi wa kushona nguo za wanakijiji wa zamani, hilo si tatizo, na kanzu ya Faraji, ambayo ishonwe mpya na nzuri halafu ichakazwe iwe matambara.

Fundi Rajabu alipoelewa sehemu ya pili alisimama. "Nishone halafu niichane? Mwambie bwana wako, mkono huu haujawahi kuchana nguo ya mtu. Kesho watu watasema Rajabu anaharibu." Mafundi wote wakaitikia, hakuna aliyekubali, walikuwa kama wametukanwa. Na mimi wajua nilivyo, mdomo wangu haujui kusubiri. Nikasema, "Mimi nitaishona, na nitaichana." Baraza zima likacheka. Rajabu alicheka kuliko wote, halafu akasema maneno ambayo alifikiri hayatamgharimu kitu, maana alishajua nitashindwa: "Haya. Ukiimaliza kazi ya huyu bwana mpaka mwisho, bila kurudishwa, uje na cherehani yako ukae kando yangu. Ukirudishwa, nisikuone tena hapa na ombi lako." Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba nimesikia, na wao wamesikia.

Nyie hamjui raha ya kuharibu kitu ulichokishona vizuri. Nilimvalisha Hamadi ile kanzu mpya uani kwetu Njoro, shangazi yangu amekaa mlangoni kulinda heshima, nikamwambia jitupe kwenye mchongoma ule, jiburuze ukutani, piga magoti. Kila palipochanika niliuliza kwa nini pamechanika. Bega la kulia, mti wa chombo umemkwaruza. Mkono wa kushoto umeng'oka wote, amejifungia jeraha. Chini, mpaka magotini, miamba. Nikafanya hivyo mpaka Hamadi akasema sasa anaanza kumwogopa Faraji. Wakaenda nayo pwani, wakapiga picha za baharini, wakarudi na kanzu ina chumvi na manjano ya jua, na mimi nikaikagua uzi kwa uzi nikajua bahari imeongeza nini. Mzungu naye tayari alikuwa na jina. Neno la Kiswahili alilolijua lilikuwa moja, "Tena!", na alilitumia toka asubuhi mpaka jua linazama, mtu akirudia kitu mara ngapi sijui bado "Tena!" Tukamwita Bwana Tena, na mwenyewe akaona ni sifa.

Balaa likaja kwa njia ya joto. Mkebe mmoja wa filamu ulioletwa kutoka pwani uliharibika njiani, na ndani yake ndimo ilimokuwa sehemu yenyewe, pale Faraji anapotambaa kutoka majini siku chombo kilipovunjika. Bila hiyo hakuna filamu, ni mtu anaonekana chomboni halafu anaonekana kisiwani, amefikaje hujui. Kurudi pwani ikawa haiwezekani tena. Wakati huo tumeshapanda Kirua kupiga sehemu ya mwisho, wenyeji wanavyompokea. Bwana Tena akawa anazunguka vihambani na huzuni yake, mpaka siku moja akaona nduwa. Nduwa ni bwawa la kuchimbwa ambamo maji ya mfongo, ule mfereji wa kutoka mlimani, hukusanyika, ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani. Akalala kifudifudi kwenye tope na suruali yake ya kaki, akaweka jicho sawa na maji, akapiga kelele za furaha. Ukitazama kwa chini namna hiyo huoni ng'ambo. Ilikuwa bahari.

Lakini ilikuwa bahari ya nusu tu, maana ni kiangazi, na maji ya mfongo yalikuwa ya zamu. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kumwagilia maharage na ulezi, na kwa watu wale zamu ya maji si kitu cha kuchezea. Ndugu wamewahi kuacha kusalimiana kwa ajili yake. Ikabidi mzee aliyesimamia mfongo aite kikao. Mimi nilikuwa jikoni nasaidia kumenya ndizi, nikamsikia nje akiwaambia wenzake, polepole, kwa ile sauti ya mtu asiyependa kurudia: "Huyu Faraji wao, kitabu kinasema alipofika huku tulimpokea. Tumeshamnywesha maziwa. Sasa tutamnyima maji ya kuzama?" Watu wakacheka, na kicheko hicho kikawa ndiyo kura. Nyumba zote za mfongo ule ziliacha zamu yao Jumamosi moja, maji yote yaelekezwe kwenye nduwa, alasiri iwe imejaa. Jumapili yarudi shambani. Jumamosi hiyo ikipita, imepita.

Tulikuwa tumepanga kwa Mama Aikande, Hamadi na mimi. Nyumba ya mbao na bati, imefagiliwa mpaka ardhi inang'aa, vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, na ng'ombe zizini upande wa pili, wanakula majani ya migomba usiku kucha unawasikia. Alikuwa mjane, mwembamba, mkali wa usafi. Ukiweka kikombe vibaya anakinyoosha bila kusema kitu. Kwa chakula alitutunza jamani, sijawahi kutunzwa vile: kiburu cha asubuhi, ndizi na maharage vimeiva mpaka vimeshikana, mtori wa jioni, na maziwa mgando ambayo kijiko kinasimama. Siku ya kwanza tu alimwita Hamadi uani, akampa kisu na jogoo, akasema, "Chinja wewe mwanangu, ili na huyu binti ale kwa amani." Hakuna aliyemfundisha. Nimekula kwenye nyumba za watu wa dini yangu nisipofikiriwa hivyo.

Tatizo la Mama Aikande lilikuwa moja. Filamu alikuwa hajawahi kuiona. Alichokiona yeye ni kijana wa watu, mwalimu, mtaratibu, amefika nyumbani mwake, na kila asubuhi watu wanamvalisha matambara na kumtoa nje. Nilimsikia jioni moja ukutani akiteta na jirani yake kwa Kichagga, nacho nakisikia kidogo: kwamba masikini huyu kijana ana kanzu moja tu ya kazi, na fundi wanaye, amekaa hapohapo, hata sindano hashiki. Jirani akasema watoto wa mjini ndivyo walivyo, wavivu. Nilinuna, nikalala nimenuna, na Ijumaa nikateremka mjini kufuata vifungo na uzi, kanzu nimeiacha imetundikwa msumarini chumbani kwa Hamadi.

Jumamosi asubuhi nimerudi na lori lililobeba mchanga wa Kahe wa kumwaga ukingoni mwa nduwa. Naingia uani, naona kwenye kamba kitu cheupe kinang'aa. Loo! Nilisimama pale na kikapu mkononi. Ilikuwa kanzu ya Faraji. Imefuliwa kwa jivu mpaka imekuwa kama maziwa. Bega limeshonwa kwa mishono midogo ambayo hata mimi ningeivulia kofia. Mkono ulioondoka umerudishwa kwa kitambaa kingine. Chini nyuzi zote zimekatwa, pindo limekunjwa sawasawa, na nguo nzima imetiwa wanga na kupigwa pasi ya mkaa, imesimama pale kwenye kamba kama ina mtu ndani. Mama Aikande akatoka jikoni anapangusa mikono, uso wake umejaa fahari.

"Karibu mwanangu. Umeona?"

"Shikamoo mama. Nimeona."

"Marahaba. Sikutaka kukusema mbele ya watu. Lakini leo wanampiga picha yule kijana, picha itakwenda huko Ulaya, na ametoka kwangu! Watu watasema Mama Aikande alimlisha tu, nguo akamwacha hivyo?"

Sikuweza kumkasirikia. Nilijaribu, wallahi, nikatafuta hasira moyoni nisiione. Nikakaa kwenye kigogo cha kupasulia kuni nikamweleza, pole kwa pole, kwamba Faraji ametoka kwenye chombo kilichovunjika, kwamba picha za pwani zimeshaonyesha kanzu imechanika, na kwamba mtu hawezi kuzama akiwa na matambara akaibuka amepigwa pasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Mkono ukaenda mdomoni. "Mae!" akasema. "Nimemharibia Mzungu bahari yake."

Bwana Tena alipoletwa kuiona hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alivua kofia, akaishika ile kanzu kwa vidole viwili, akasema maneno machache kwa Kiingereza akaenda kukaa chini ya mgomba, ameshika kichwa. Hamadi hakutaka kunitafsiria. Nikamkazia macho mpaka akasema: "Anasema lori lirudi mjini sasa hivi, likamlete yule fundi wa barazani. Anasema samahani, lakini kazi hii sasa anataka mwanamume."

Nimeishi miaka mingi, nimezika mume na ndugu, na bado nikiikumbuka sentensi ile masikio yananiwaka. Mawazoni nilimwona Rajabu akipanda lori. Nilimwona akishuka Kirua mbele ya watu, akiniangalia. Nikamwambia Hamadi, mwambie bwana wako hivi: hata mji mzima ukija hapa hakuna atakayejua bega lilichanikia wapi isipokuwa mimi, kwa sababu nililichana mimi. Marekani ninayo. Maji yanafika lini? Hamadi akasema alasiri. Basi mwambie lori lisiende, alasiri atapata kanzu yake. Bwana Tena akatazama saa, akamwambia dereva azime.

Kushona kulikuwa kazi nyepesi. Nilishona kanzu mpya kwa cherehani ya Mama Aikande nikiwa na hasira za kunitosha, sijawahi kushona haraka vile. Kazi ilikuwa kuizeesha. Kule Njoro nilikuwa nimetumia majuma; hapa jua limeshapanda. Nikatoka uani na ile kanzu mpya kabisa, nikakuta wanawake wa jirani wameshajaa, habari imeenea, wanampa pole Mama Aikande kama aliyefiwa. Yeye akanijia. "Niambie la kufanya. Nimeharibu mimi, nitengeneze mimi."

"Mama, hutalipenda."

"Sema."

"Kata mgomba. Nataka utomvu."

Wale wanawake walipiga ukelele wa pamoja. Anayejua ndizi anajua kwa nini. Utomvu wa mgomba ukigusa nguo, nguo ile imekwisha. Unakauka mweusi, hautoki kwa sabuni wala kwa jivu wala kwa machozi. Wanawake wale tangu utoto wametembea migombani wameinua nguo zao, wamewachapa watoto kwa doa moja. Na sasa mimi nawaambia tuumwage juu ya marekani mpya. Mama Aikande alichukua panga, akakata, akanijia na gogo la mgomba linachuruzika, akafumba macho, akalipaka begani. Halafu akafungua jicho moja. "Mungu anisamehe," akasema, na mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na baada ya hapo, jamani, hakuna aliyeweza kuwazuia.

Waliichukua kanzu ile kama adui. Mmoja akaleta maganda ya kahawa, wakaisugua nayo mpaka ikapata umanjano uleule wa chumvi ya pwani. Wengine wakaipiga kwenye jiwe la kufulia, si kwa kusafisha, kwa kuchosha nyuzi, huku wanataja majina ya wakwe zao kila wanapopiga. Nikawaonyesha pa kuchana, nikamwachia Mama Aikande bega. Alilishika kwa mikono miwili, akasema hawezi. Aikande, kipindi kile binti mdogo, akamwambia, "Mama, fikiri ni gauni la Mama Eliaichi," na huyo Mama Eliaichi alikuwa ndiye jirani aliyeniita mvivu, na alikuwa amesimama hapohapo. Kraa! Bega likaachana mpaka mgongoni, palepale nilipopataka. Vigelegele! Lililobaki ni pindo la chini, lile lililoliwa na miamba, na mkono wa mtu hauwezi kufanya vile, ukichana unaacha mstari. Nilikuwa bado nawaza, Mama Aikande akaichukua kanzu, akaenda zizini, akaining'iniza mbele ya ndama ambaye alikuwa amemtafunia kanga zake mwaka mzima. Alifanya kazi yule ndama kuliko sisi sote. Alipotolewa kanzu mdomoni, pindo lilikuwa na nyuzi ndefu, fupi, limeliwa hapa na kuachwa pale, na hakuna fundi wa baraza yoyote ambaye angeweza kukitengeneza kitu kile.

Maji yalifika. Kwanza tulisikia vijana wanapiga mayowe juu huko kwenye mfongo, halafu sauti yake yenyewe, na nduwa ikaanza kupanda, ikafika ukingo, ikaumeza ule mchanga wa Kahe kidogokidogo kama wimbi. Watu wa nyumba zote walizunguka juu, wamekaa kwenye majani kimya, wanayaangalia maji ya maharage yao. Bwana Tena akaigeuza kanzu huku na huku, akaipeleka kwenye mwanga, akatoa picha za karatasi walizopiga pwani akalinganisha bega na bega. Akamrushia Hamadi, Hamadi akavaa, akaingia majini. Maji ya mlimani yale, ya baridi kama ile barafu yalikotoka, alipozama mpaka kichwa nilisikia meno yake.

Kitabuni, Faraji anatoka majini hakuna mtu. Anatambaa, anaanguka mchangani, peke yake kabisa, kurasa nyingi peke yake. Ndivyo Bwana Tena alivyotaka. Kamera ikaanza kulia, Hamadi akaibuka, akashika mchanga, akatambaa, ile kanzu imemgandama, bega wazi, nyuzi zinaburuta, anatetemeka na si kuigiza. Mimi nilisahau kwamba nimeishona. Nilimwona mtu aliyepoteza wenzake wote. Alianguka kifudifudi, na Bwana Tena ameshainua mkono wa kusema neno lake, tukasikia hatua mchangani. Mama Aikande. Alikuwa ameshavaa vazi la wanakijiji wa zamani kwa ajili ya sehemu ya baadaye, kaniki mbili nilizomshonea mwenyewe, na alishindwa kuvumilia. Akaingia mbele ya kamera anatembea haraka, akavua kaniki ya begani, akapiga magoti majini, akamfunika. "Pole baba," alikuwa anamwambia, "pole, umefika." Hamadi akamshika mkono, akalia. Machozi ya kweli, alikuja kuniambia. Hakujua yametoka wapi.

Mimi nilifunga macho. Nilisema basi, nimekwisha, bahari inakwenda shambani kesho na huyu mama ametuharibia mara ya pili. Nikasubiri "Tena!" Nilisubiri mpaka nikafungua macho. Bwana Tena amesimama nyuma ya kamera, mkono bado uko hewani, kofia imeanguka, na mashavu yake yamelowa. Kamera bado inalia. Halafu akaushusha mkono, akageuka kumtafuta Hamadi amtafsirie, Hamadi bado yuko majini, akanigeukia mimi, akitafuta neno. "Basi," akasema. Neno la pili la Kiswahili aliloliongea katika maisha yake, na sijui nani alimfundisha. Kirua nzima ikasimama. Kelele zilizopigwa pale ziliwatoa ng'ombe zizini.

Filamu ilikuja kuonyeshwa Moshi mwaka huohuo ukielekea mwisho, uwanjani, shuka kubwa jeupe limefungwa kwenye nguzo mbili. Watu wa mlimani waliteremka kwa malori na kwa miguu. Mama Aikande alikaa mbele, vazi la kanisani, mgongo wima. Mimi nilimtafuta Rajabu mpaka nikampata, nikajipenyeza nikasimama karibu yake kwa makusudi kabisa. Sitawasimulia yote. Faraji alipotoka majini uwanja mzima ulinyamaza, watoto pia, halafu yule mwanamke akaingia na kaniki yake, na kutoka upande wa watu wa Kirua zikaanza shangwe ambazo ziliendelea mpaka hatukusikia tena kinachosemwa. Pembeni yangu nikamsikia Rajabu ananong'ona peke yake, ulimi wa fundi hauwezi kujizuia: "Masikini. Kanzu ile imemwishia mwilini. Hiyo ni ya miaka."

"Fundi," nikamwambia, "ile nilikuwa naitia sindano asubuhi ya siku ileile anayozama."

Akageuka. Akaniangalia, akaangalia shuka, akaniangalia.

Asubuhi yake nilibeba cherehani yangu kichwani kutoka Njoro, sikutaka kubebewa, nikapita katikati ya mji. Barazani wote wapo. Cherehani zikaacha kulia, moja baada ya nyingine. Rajabu akaonyesha kwa kidole mwisho kabisa wa safu, kule jua linakopiga na maji machafu yanakopita. "Kaa pale," akasema. Nikabaki nimesimama na mzigo wangu kichwani. Nikamwambia sikuahidiwa pale, niliahidiwa kando yake. Mpita njia mmoja akasimama, wa pili akasimama, mwanamke mwenye kikapu cha ndizi akauliza kwa sauti kuna nini. Rajabu akashika cherehani yake kubwa ya miguu, mwenyewe, akaisukuma mpaka mafundi wote wa upande ule ikabidi wasogee, mmoja akimsukuma mwenzake.

"Wapisheni," akawaambia. "Fundi anataka kukaa."